Kausha damu, marejesho na mawazo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi tena na tena katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mengi hayaulizwi kikaoni. Mtu anasubiri wenzake watoke, anajifanya anatafuta kandambili zake mlangoni, na hapo ndipo anapofungua moyo. Nimeyajibu kwa kufuata hali na sheria za Tanzania, na mahali pamoja nimegusa Kenya kwa sababu najua wengi mnaosoma mko huko. Kama kesho ni siku ya rejesho na huna kitu mkononi, usianze mwanzo. Nenda moja kwa moja kwenye swali linalosema "Nadaiwa sehemu nyingi".

Mkopo wa kausha damu ni mkopo wa aina gani hasa?

Ni mkopo wa haraka, wa kiasi kidogo, unaorejeshwa kila siku au kila wiki, na riba yake mara nyingi haitajwi. Unaambiwa tu: "Chukua laki tatu, rejesho ni elfu kumi na mbili na mia tano kwa siku, siku thelathini." Mama anayekaanga samaki anapiga hesabu ya mauzo ya siku moja nzuri, anaona inawezekana, anaweka dole gumba.

Sasa hebu tufanye hesabu ambayo haikufanywa siku ile. Tuseme katika laki tatu unakatwa 20,000 ya fomu na kile wanachokiita bima kabla hujaishika hela. Unaondoka na 280,000. Marejesho ya 12,500 kwa siku 30 ni 375,000. Umelipa 95,000 kwa kutumia 280,000 mwezi mmoja, karibu shilingi 34 kwa kila mia. Na hapo bado, maana unaanza kurejesha kesho yake. Ikifika siku ya kumi na tano umesharudisha nusu, lakini gharama unayolipa ni ile ile ya mtu ambaye hela yote bado iko mkononi mwake.

Linganisha na utaratibu uliowekwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, wawe na ofisi mtaani au wawe mtandaoni, wako daraja la pili na wanasimamiwa na Benki Kuu. Kikomo cha riba walichowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu, hiyo ni 10,500. Iweke 10,500 pembeni ya 95,000, utaelewa jina la mkopo huu lilitoka wapi.

Siwaiti wakopeshaji wote wanyonyaji. Wapo wenye leseni, wanaokupa mkataba ukaenda nao nyumbani kuusoma. Ninachokataa ni mkopo ambao mkopaji hajawahi kuambiwa kwa sentensi moja kwamba jumla atakayorudisha ni kiasi gani.

Nitajuaje kama anayenikopesha anatambulika?

Mwombe namba ya leseni na jina la kampuni kama lilivyosajiliwa, kisha lilinganishe na orodha ya watoa huduma wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu ya Tanzania. Mwenye leseni hakasiriki ukimuuliza. Kwa mikopo ya mtandaoni kuwa mwangalifu zaidi: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa tangazo kwa umma lenye orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu kufungiwa haimaanishi wenyewe wamekwisha, maana jina jipya linaweza kuibuka wiki inayofuata.

Kuna dalili tatu ambazo mimi nikiziona siendelei. Anataka ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Anataka umtumie hela ya "kufungua mkopo" kwanza. Anataka akae na kadi yako ya benki na namba ya siri. Hili la tatu linawaumiza sana walimu na wauguzi. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Aliyefikia kikomo hawezi kukopa tena benki, basi anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani na kumwachia kadi. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayesimama kwenye mashine, na mwenye mshahara anasubiri apewe kinachobaki. Ile theluthi iliwekwa ili familia ipate kula, na sasa ndiyo inayoliwa na mtu mwingine. Kama kadi yako iko kwa mtu, nenda benki kesho, ifunge, omba nyingine. Deni lako litabaki pale pale na utalilipa, lakini utalilipa wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Nadaiwa sehemu nyingi na sijui nianzie wapi.

Anza na daftari. Najua unatamani niseme kitu kikubwa zaidi, lakini sijaona anayetoka kwenye madeni ambayo hajayaandika.

Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Andika kila anayekudai, ulichopokea, ulichokwisha kurudisha, kilichobaki, na siku ya rejesho. Usiache hata kidogo: Mangi wa dukani, muuza mkaa, kijumbe wa mchezo, dada yako aliyekukopesha nauli ukasahau. Mama mmoja aliniletea ukurasa wake umeandikwa kwa penseli: Mangi 18,400. Kikundi 60,000. Simu 45,000. "Yule kaka" anayekopesha mtaani, 210,000. Mama wa ghorofani, hela ya sare za shule, 30,000. Alikuwa anatembea na wazo kwamba anadaiwa milioni. Tulipojumlisha ilikuwa 363,400. Si hela ndogo kwa mtu anayeuza vitumbua, lakini ni hela yenye mwisho. Wapo ambao hukuta kinyume, deni limezidi walivyodhani, na siku hiyo huwa nzito. Hata hivyo wanalala, kwa sababu kuhesabu madeni kichwani saa nane za usiku kunachosha kuliko kuyaona yameandikwa.

Baada ya hapo, simamisha jambo moja mara moja: kukopa huku ili ulipe kule. Hapo ndipo watu wanapozama. Mkopo wa pili unalipa rejesho la wiki hii, na wiki ijayo marejesho ni mawili. Ukishafika mkopo wa nne hufanyi tena biashara yako, unazungusha hela za watu na kila mmoja anakata chake zikipita mikononi mwako.

Kisha weka pembeni vitu visivyoguswa: chakula cha watoto, kodi ya chumba na mtaji wa kesho. Watu wema wenye aibu hukosea hapa kuliko wakorofi. Anachukua hela ya unga wa vitumbua na mafuta ya kukaangia, analipa rejesho ili asigombezwe, kesho hana cha kuuza, na deni linabaki bila mtu wa kulilipa. Ukimpa mkopeshaji mtaji wako, umempa marejesho yako yote yaliyobaki.

Halafu nenda kwa anayekudai kabla ya siku, siyo baada. Tofauti ni kubwa mno. Aliyekuja jana yake ana shida, aliyezima simu ni mkimbizi, na hata mkopeshaji mkali huwatenganisha watu hao wawili. Sema maneno mafupi: "Rejesho la 12,500 siliwezi kwa sasa. Naweza 4,000 kila siku bila kukosa. Naomba faini isimame, tuandike ratiba mpya." Taja kiasi ambacho hata siku ya mvua utakipata. Usimtajie kiasi cha kumfurahisha, kwa sababu ukishindwa mara ya pili hatakusikiliza tena.

Lipa kwa njia inayoacha alama. Ukilipa kwa simu, ile meseji ndiyo risiti yako, usiifute. Ukilipa taslimu, asaini kwenye daftari lako pale pale. Nimeona madeni yaliyokwisha yakidaiwa upya kwa sababu daftari pekee lililokuwepo lilikuwa la mkopeshaji.

Kwa mpangilio wa nani alipwe kwanza: lile linaloongezeka kila siku kwa faini litangulie, kisha lile lenye mdhamini ambaye ataumia kwa ajili yako. La ndugu lije mwisho, lakini ndugu aambiwe leo kwamba lake ni la mwisho na kwa nini.

Wamewatumia watu wangu meseji kwamba mimi ni tapeli. Wana haki hiyo?

Hawana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo alilokubali na kwa njia halali. Kuchota namba za bosi wako, mchungaji wako na mkwe wako, halafu kuwatangazia deni lako, hakuingii humo. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kama mkopeshaji ana leseni, Benki Kuu nayo ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha.

Piga picha za meseji zote, zikionyesha namba na tarehe, kabla hujaondoa programu kwenye simu. Kisha ufanye jambo moja linalouma lakini linalopunguza nguvu za meseji zile. Waandikie wewe mwenyewe watu waliotumiwa: "Umepata ujumbe kuhusu mimi. Ni kweli nina deni, nalilipa, na wanaokutumia wanavunja sheria. Samahani kwa usumbufu." Ukishasema hivyo hawana jipya la kuwaambia.

Je, ninaweza kufungwa kwa sababu ya deni?

Kushindwa kulipa mkopo ni jambo la madai, siyo jinai. Polisi kazi yao si kukusanya marejesho, na anayekutishia kwa "karandinga linakuja" anajaribu kukuogopesha. Sheria za madai zina kitu kinachoitwa kifungo cha madai, lakini huja baada ya kesi, hukumu, na mahakama kujiridhisha, na mdaiwa husikilizwa. Hakiji kwa simu ya afisa mikopo.

Ila usijidanganye: kama ulitumia kitambulisho cha mtu mwingine au hati ya mshahara ya kughushi ili upewe mkopo, hapo kuna udanganyifu, na udanganyifu ni jinai. Na ukipata wito wa mahakama, nenda. Wengi hawaendi kwa aibu, hukumu inatolewa bila wao, na nafasi ya kuomba kulipa kidogo kidogo inapita.

Wamekuja na pikapu kuchukua vitu vya ndani. Nifanye nini?

Usipigane nao. Mwite mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na uombe kuona karatasi: amri ya mahakama, au mkataba ambao uliviweka vitu hivyo rehani. Kama uliweka televisheni na friji rehani na ukasaini, mkopeshaji ana haki fulani juu ya vitu hivyo. Hana haki juu ya godoro la watoto ambalo halimo kwenye karatasi, wala ya kuvunja mlango. Kila kinachotoka kiandikwe, na kithaminiwe kabla hakijapanda gari, kwa sababu friji ya laki nne huweza kuhesabiwa elfu themanini kwenye deni lako na usiambiwe.

Msaada wa kisheria wa bure upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na utawapata kupitia ofisi ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Mashirika kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, nayo hutoa ushauri bila malipo.

Nimemdhamini rafiki, amekimbia. Deni ni langu?

Kwa kiasi ulichosaini, ndiyo, na ndiyo maana ya udhamini. Lakini soma ulichosaini: wapo wanaodaiwa faini na riba ambazo udhamini wao haukuzitaja. Dai upewe hesabu ya maandishi, lipa kwa ratiba, na utunze risiti, kwa sababu ulicholipa una haki ya kumdai yule aliyekimbia. Katika vikundi vya watu watano watano ambapo mmoja akikosa wote wanalipia, kaeni wanne mliobaki mwende pamoja kwa afisa mikopo. Mkienda mmoja mmoja mtagombana ninyi kwa ninyi, na urafiki wa miaka utavunjika kwa deni la mtu ambaye hayupo.

Mume wangu hajui. Nimwambieje?

Swali hili naulizwa na wanawake kuliko wanaume, ingawa wanaume wanaoficha madeni ni wengi vile vile, wao huyaita "mambo ya kazini".

Naanza na tahadhari. Kama mwenzako amewahi kukupiga, usimwambie mkiwa peke yenu. Tafuta mtu anayemheshimu, awe shangazi yake, mshenga wenu, shehe au mchungaji, na mkae naye. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kuogopa kipigo kwa sababu ya deni ni sababu tosha ya kwenda pale.

Kama hofu yako ni aibu, na hiyo ndiyo hofu ya wengi, basi mwambie wiki hii. Siyo usiku amerudi na njaa, wala siyo mbele ya watoto. Mwambie ukiwa na daftari mkononi, maana atakachouliza kwanza ni "kiasi gani?", na ukijibu "sijui" mazungumzo yataharibika hapo hapo. Unaweza kusema hivi: "Baba fulani, kuna jambo nimelificha, na kulificha kumenitesa. Nilikopa kwa ajili ya ada na mtaji, likanizidi. Hii hapa hesabu yote, hakuna nyingine nimeibakiza. Siombi ulilipe leo, naomba tulione pamoja." Ile sentensi ya kwamba hakuna nyingine iwe ya kweli. Deni la pili likifichuka baada ya la kwanza kusamehewa huumiza kuliko la kwanza, kwa sababu sasa anajiuliza na mengine.

Atakasirika. Mpe nafasi akasirike. Wengi niliowaona walinuna siku kadhaa, kisha wakarudi kuuliza: "Ile ya Mangi tumalize hii Jumamosi?" Wapo ambao hawakurudi, siwezi kukuficha. Lakini ndoa ambayo mmoja anashtuka kila mlango ukigongwa nayo iko taabani, hata kama hakuna aliyenuna.

Silali, moyo unadunda, nawafokea watoto bila sababu. Huu ni ugonjwa au ni shida tu?

Vinaweza kuwa vyote viwili. Msongo wa mawazo una mwili: kichwa kuuma, tumbo kuwaka, presha kupanda, simu ikiita mikono inatetemeka. Mwanaume huenda asiseme kabisa kwamba ana mawazo. Utamwona amekuwa mkimya, anachelewa kurudi, pombe imeongezeka. Watoto nao wanajua. Wanajua mama akisema "mwambie sipo" nani yuko mlangoni.

Kama huzuni, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kujiona hufai vimekaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na kazi zako za kawaida zinakushinda, nenda kituo cha afya useme hivyo hivyo kwa daktari. Usiseme tu "kichwa kinauma", utapewa panadol urudi. Huenda ni sonona, nayo inatibika kwa mazungumzo ya ushauri, kwa dawa, au vyote. Hospitali za mikoa zina huduma ya afya ya akili, Muhimbili wanayo, na Mirembe kule Dodoma ni hospitali ya taifa kwa kazi hiyo. Kwenda huko si kuwa chizi. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure, na unaweza kuuliza uanzie wapi.

Sala na dua nazipa heshima yake, zimewashika wengi wasianguke. Ila jihadhari na anayekuambia deni lako ni mkono wa mtu, na kwamba kulitoa ni laki mbili na kuku mweupe. Atakuacha na deni lingine juu ya uliyokuwa nayo.

Nimeanza kufikiri kwamba afadhali nife.

Mwambie mtu leo, kwa maneno hayo hayo, wala usiyazunguke. Usikae peke yako usiku huu. Mwombe dada, jirani, mtu yeyote unayemwamini alale kwenu, na kesho aende nawe hospitali ya karibu. Kama hali ni ya sasa hivi, nenda idara ya dharura sasa hivi. Wengi huogopa kwa sababu wamesikia kwamba kujaribu kujiua ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Kuwa na mawazo hayo na kumwambia daktari si kosa, na daktari ameyasikia kwa wengine kabla yako.

Deni halifi na mtu. Hudaiwa kwenye mali ambayo ungewaachia watoto, na kwa wadhamini, katika siku ambayo wanakuhitaji kuliko siku nyingine yoyote. Nakuandikia hivi siyo kukulaumu, ila najua wazo hilo hukuambia kwamba utawapunguzia mzigo. Si kweli. Wanakutaka wewe, hata ukiwa na madeni yako.

Ndugu wanategemea, na kadi za michango haziishi. Nikatae?

Harusi punguza, msiba usiache. Huu ni msimamo wangu, wengine watanipinga. Rambirambi ni ndogo, na ndiyo inayokuletea watu siku yako ikifika. Lakini mchango wa harusi wa laki moja unaoutoa kwa hela ya kukopa, ili jina lako lisomwe na kamati, huo uache. Jibu kwa adabu: "Nimeipokea kadi, nawaombea heri. Mwaka huu mchango siuwezi, nitakuja kusaidia jikoni." Anayevunja undugu kwa jibu hilo, undugu wenyewe ulikuwa umeshaisha.

Wazazi kijijini ni jambo gumu zaidi, hasa kwa kijana ambaye nyumbani wanaamini yuko mjini ana kazi nzuri. Anatuma elfu thelathini aliyokopa kwenye simu ili mama asijue kwamba kazi iliisha. Mpigie mama, mwambie. Kuna wazazi waliouza mbuzi ili mtoto asome, hawatashindwa kula mboga za shambani miezi mitatu.

Kubeti hakuwezi kunitoa hata mara moja?

Hapana. Na kama umeshaanza kukopa ili ubeti, iandike hiyo hela kwenye daftari pamoja na madeni mengine, na umwambie mtu mmoja ashike laini yako ya simu jioni.

Basi nikihitaji kweli, nikope wapi?

Kwanza jiulize mkopo ni wa nini. Wa kuongeza mzigo unaouzika unalipika. Wa kula hujirudia mwezi ujao.

Vikundi vya akiba, VICOBA na vinavyofanana navyo, ndivyo ninavyovijua zaidi. Mnanunua hisa kila wiki, mnakopeshana, riba mnajipangia na mwisho wa mzunguko inarudi kwenu mnapogawana. Vizuri vina mfuko wa jamii pembeni, wa ugonjwa na msiba, na mfuko huo umewaokoa watu wengi wasiende kwa "yule kaka". Kwa sheria ya 2018 viko daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa. Sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu tofauti si mbwembwe, msiache kulitumia kwa sababu mnaaminiana. SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ziko daraja la tatu na husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Zinataka uanachama na akiba kabla ya mkopo, kwa hiyo jiunge kabla shida haijaja.

Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa 2024. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Inachukua muda, karatasi ni nyingi, na si kila kikundi kinapata. Lakini mkopo usio na riba unastahili kusubiriwa.

Mimi niko Kenya. Mambo ni yale yale?

Kwa sehemu kubwa. Kwenu mkopo wa simu ulitangulia: M-Shwari ilianza 2012, Fuliza 2019. Wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya kwa kanuni za mwaka 2022, na anayewapigia watu waliomo kwenye simu yako anashtakiwa kwa Kamishna wa Kulinda Data chini ya sheria ya 2019. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wa mtu binafsi unatakiwa kurudi ndani ya siku 14, kwa hiyo usiuchukue kwa jambo litakalozaa baada ya miezi. Kwa aliyeelemewa na mawazo, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure, 1199.

Jirani yangu anaandamwa na wakopeshaji. Nimsaidieje bila kumwaibisha?

Usimkopeshe. Kama una cha kutoa, toa, na useme wazi kwamba hukidai: kilo mbili za unga, nauli ya mtoto wiki hii. Usiende na maneno ya "ungeniambia mapema", anajua.

Kaa naye kwenye daftari, maana kuandika peke yake kunatisha. Mshikie watoto asubuhi anayokwenda kuzungumza na mkopeshaji, au uende naye. Mkopeshaji hubadili lugha anapoona mdaiwa amekuja na mtu anayesoma mkataba kwa utulivu na kuuliza kila mstari. Wakikubaliana ratiba mpya, iandikwe pale pale, kila mmoja abaki na nakala. Na kama watataka uweke sahihi, hakikisha palipo na jina lako pameandikwa shahidi, siyo mdhamini.